Nzi wa ndizi, maharage na siku 28: Ubongo wa mtoto unavyojengwa kabla mama hajajua

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

NYARUSANGE, Gitega. Ndizi zikishaivishwa na kuanza kukamuliwa kwa ajili ya urwarwa, wageni wa kwanza kufika huwa ni nzi wadogo wenye macho mekundu. Katika vilima vya Nyarusange, kama ilivyo kote Burundi, hakuna anayewajali. Hawaumi, hawaleti malaria. Mtu huwapunga kwa mkono na kuendelea na kazi yake.

Nzi huyo wa matunda, anayeitwa na wataalamu Drosophila melanogaster, ndiye aliyewafundisha wanasayansi sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu namna seli za ubongo zinavyozaliana. Asili yake ni bara letu, upande wa kusini, kabla hajasafiri duniani pamoja na binadamu na matunda yao. Yai lake huanguliwa kwa takriban siku moja tu, na ndani ya saa hizo mtafiti mwenye hadubini nzuri anaweza kuona ubongo ukianza kujengwa tangu mwanzo.

Kwa nini gazeti linaloandika habari za ushuru wa forodha na vituo vya mpakani lijishughulishe na nzi wa ndizi? Kwa sababu yale yanayotokea katika yai la nzi yana ndugu yake katika tumbo la mama wa Nyarusange, na kwa sababu moja ya vitu vinavyoamua kama kazi hiyo itakwenda sawa au itaharibika hupita mpakani ndani ya lori. Tutafika huko.

Shamba na nauli

Katika kiinitete cha nzi kuna seli mama za neva zinazoitwa nyuroblasti. Seli ya kawaida ya mwili ikigawanyika hutoa seli mbili zinazofanana. Nyuroblasti haifanyi hivyo. Kabla ya kugawanyika hukusanya protini fulani upande mmoja, kisha hujikata bila usawa. Seli moja hutoka kubwa, hubaki mahali pake na kuendelea kuzaa. Nyingine hutoka ndogo ikiwa imebeba zile protini, hugawanyika mara moja tu, na watoto wake wawili huwa seli za neva ambazo hazitagawanyika tena maisha yao yote. Ni kama mzazi aliyegawa mali kwa wanawe wawili, mmoja akampa shamba na mwingine akampa nauli.

Ugunduzi wa protini hizo, uliofanywa kwa nzi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ulifungua mlango. Wanasayansi walipotazama panya, kisha seli za binadamu, walikuta protini za ukoo huohuo zikifanya kazi zinazokaribiana. Nzi aliyezaliwa na kasoro katika protini hizo huishia ama na ubongo wenye seli chache mno, ama na uvimbe wa seli mama zilizokataa kuacha kuzaa. Kwa maneno mengine, ubongo mdogo kupita kiasi na saratani ni pande mbili za kosa moja la kugawanyika.

Utafiti wa namna hii haukubaki Ulaya na Marekani peke yake. Kuanzia 2011, taasisi ya TReND in Africa ilianza kuendesha mafunzo ya sayansi ya neva kwa kutumia nzi wa matunda katika Kampala International University, kampasi ya Ishaka, magharibi mwa Uganda. Hoja yao ilikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, haijasikilizwa vya kutosha katika bajeti za vyuo vyetu: panya wa maabara ni ghali kuwatunza, lakini nzi wanahitaji chupa, uji wa mahindi wenye sukari na hamira, na hadubini. Chuo cha Gitega au cha Bujumbura kinachosema hakina uwezo wa kufundisha biolojia ya ukuaji kina mnyama wa kufundishia kwenye kila ndizi iliyopitiliza kuiva.

Bamba linalojikunja

Kwa binadamu mambo huanza taratibu zaidi, lakini si taratibu sana. Kama siku 18 hivi baada ya mimba kutungwa, kiinitete kinakuwa bamba dogo lisilozidi milimita 2. Katikati ya mgongo wake safu ya seli huanza kunenepa. Hilo ndilo bamba la neva. Kingo zake mbili huinuka, hukaribiana kama kingo za jani la mgomba linalokunjwa kufungia kitu, kisha hushikana na kuwa mrija. Kushikana huanza katikati, kama siku ya 22, na kuelekea pande zote mbili. Tundu la juu hufunga karibu siku ya 25. Tundu la chini hufunga karibu siku ya 28.

Sehemu ya juu ya mrija huo ndiyo itakayokuwa ubongo. Sehemu ya chini itakuwa uti wa mgongo. Tundu la juu lisipofunga, ubongo haujengeki na mtoto haishi. La chini lisipofunga, mtoto huzaliwa na kile ambacho Watanzania wamezoea kukiita mgongo wazi, na wengi wao baadaye hupata pia kichwa kikubwa kutokana na maji kujaa katika ubongo.

Mrija ukishafunga, kazi ya kuzaliana inaanza kwa kasi. Seli za ukuta wake zimesimama wima, zikibanana kama watu ndani ya basi dogo, kila moja ikigusa ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Kiini cha kila seli hakitulii. Hupanda kuelekea nje wakati seli inanakili DNA yake, kisha hushuka hadi ukuta wa ndani, na hapo ndipo seli hugawanyika. Baadaye kinapanda tena. Mtu wa kwanza kulieleza hilo vizuri, katika miaka ya 1930, hakuwa na video. Alikuwa na vipande vilivyokaushwa na kutiwa rangi, akaunganisha picha kichwani.

Mwanzoni kila seli hutoa mbili zinazofanana. Mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya mizunguko 10 seli moja imekuwa 1,024. Baada ya 20 zimepita milioni 1, na baada ya 30 zimepita bilioni 1. Baada ya wiki kadhaa utaratibu hubadilika na kuwa ule wa nzi: seli mama moja hubaki, mtoto mmoja huondoka kwenda kuwa seli ya neva. Muda wa kubadilisha utaratibu ndio wenye uzito mkubwa. Seli mama zikibadilika mapema kwa mzunguko mmoja tu, msingi wa ubongo unapungua nusu. Watu waliorithi hitilafu katika jeni zinazosimamia nyuzi za kugawanyia seli huzaliwa na ubongo mdogo sana, ingawa sehemu nyingine za mwili wao ni za kawaida.

Seli changa inayoondoka haina njia ya kufika juu isipokuwa kupanda. Seli mama zimenyoosha nyuzi ndefu hadi uso wa nje wa ubongo, na seli changa hukwea nyuzi hizo kama maharage yanayokwea miti yake katika mashamba ya vilima hivi. Zinazozaliwa baadaye huzipita zile zilizotangulia na kukaa juu yake, hivyo gamba la ubongo hujengwa kuanzia chini kwenda juu.

Mwaka 2009 timu ya watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, ilihesabu seli za neva katika ubongo wa mtu mzima ikapata kama bilioni 86. Gawa idadi hiyo kwa dakika za miezi 9 utapata zaidi ya laki 2 kwa kila dakika. Ni hesabu ya kukadiria tu, maana sehemu ya seli hizo huzaliwa baada ya mtoto kutoka tumboni, lakini inatosha kumfanya mtu aache kalamu akafikiri.

Msitu wa pembeni ya barabara ya Entebbe

Kanda yetu ina mchango wake katika historia hii, na si mchango wa kujivunia. Aprili 1947 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, Uganda, walikuwa wamemfungia nyani wa majaribio juu ya jukwaa katika msitu wa Zika, kando ya barabara ya Kampala. Nyani namba 766 alipata homa. Damu yake ilitoa kirusi kisichojulikana, nacho kikapewa jina la msitu. Mwaka uliofuata kirusi hicho kilipatikana kwenye mbu wa msituni humohumo. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha habari zake mwaka 1952, na kwa miaka mingi dunia ikamsahau. Hadi 2007 wagonjwa waliokuwa wamethibitishwa duniani kote walikuwa 14 tu.

Mwishoni mwa 2015 madaktari wa Pernambuco, kaskazini mashariki mwa Brazil, wakaanza kuona watoto wengi wachanga wenye vichwa vidogo mno. Februari 1, 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Ndani ya miezi michache maabara za Marekani na Brazil zilionyesha sababu: kirusi cha Zika huchagua zile seli mama za ubongo wa kiinitete. Huingia, huzuia mzunguko wa kugawanyika, nyingi zikafa. Seli za neva zilizokwisha kukomaa huathirika kidogo zaidi. Mama mwenyewe anaweza asiugue zaidi ya vipele na homa ya siku chache.

Baadhi ya watafiti walilithibitisha hilo kwa vijibonge vya tishu ya ubongo vilivyooteshwa maabara kutokana na seli za binadamu, mbinu iliyokuwa imetangazwa huko Vienna mwaka 2013. Bila kazi ya miaka mingi juu ya namna seli zinavyogawanyika, hakuna ambaye angejua atazame wapi.

Jani lililofichwa kwenye Fansidar

Seli ikitaka kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake yote. Ili kunakili inahitaji malighafi, na mojawapo hutengenezwa kwa msaada wa vitamini iitwayo foliki. Foliki ikikosekana, seli zinazozaliana haraka ndizo huumia kwanza: seli za damu za mama, na seli za mtoto anayejengwa.

Daktari Mwingereza Lucy Wills aliligusa hilo huko Bombay, mwaka 1931, alipowatibu wajawazito wa viwanda vya nguo waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Dawa aliyotumia ilikuwa Marmite, ule mchuzi mzito wa hamira ambao Waingereza hupaka kwenye mkate. Hakujua ndani yake kuna nini. Miaka 10 baadaye wanakemia wa Texas walisaga tani 4 za mchicha wa kizungu kupata kiasi kidogo cha kitu hicho, wakakipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ameshakutana na foliki mara nyingi bila kutambulishwa. Fansidar, ile dawa anayomezeshwa mjamzito kliniki mbele ya muuguzi ili kumkinga na malaria, huua vimelea kwa kuvizuia visijitengenezee foliki. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutoanza kuitoa kabla ya wiki ya 13 ya ujauzito. Ndiyo sababu pia Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayepewa Fansidar asimeze vidonge vya foliki vya miligramu 5 kwa siku, kwani kipimo hicho kikubwa hudhoofisha dawa. Kile kidogo cha miligramu 0.4, ambacho kimo kwenye vidonge vya kuongeza damu vinavyojulikana Tanzania kama FEFO, hakina shida hiyo.

Ushahidi kwamba foliki hukinga mgongo wazi ulikamilika mwaka 1991. Utafiti ulioongozwa na Uingereza katika vituo 33 vya nchi 7 uliwahusisha wanawake 1,817 ambao wote walikuwa wameshapata mimba yenye kasoro hiyo. Katika mimba 1,195 zilizofika mahali pa kujulikana matokeo, kasoro zilikuwa 27. Kati ya hizo, 6 zilitoka kwa wanawake waliopewa foliki na 21 kwa wasiopewa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa katika vijiji vya nchi zetu zote mtoto wa namna hii akizaliwa mama ndiye anayehojiwa. Alikanyaga nini, alimkosea nani, ukoo wake una nini. Sehemu kubwa ya jibu ni vitamini iliyopungua katika siku chache ambazo yeye mwenyewe hakujua kuwa ana mimba. Kuna sababu nyingine pia: kisukari cha mama, baadhi ya dawa za kifafa, jeni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotokana na kumkosea mtu.

Kalenda isiyolingana

Hapa ndipo penye tatizo. Mrija wa neva hufunga siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa kawaida, siku hiyo ni wiki 2 tu tangu akose siku zake. Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza la kliniki liwe kabla ya wiki ya 12. Hata mama mwenye bidii, anayefika wiki ya nane, anapokea FEFO zake mrija ukiwa umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Vidonge hivyo vitamsaidia damu yake na ukuaji wa mtoto, na asiache kuvimeza. Kwa suala la mgongo wazi vimechelewa.

Ushauri wa kitaalamu ni kumeza miligramu 0.4 kila siku tangu mtu anapopanga kupata mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo anahitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa maagizo ya daktari. Ushauri mzuri. Lakini unamtaka mwanamke apange mimba, aende kituo cha afya akiwa mzima, aombe kidonge cha wajawazito na apewe bila kuulizwa maswali. Utafiti wa afya ya kaya wa Burundi wa 2016-2017 ulikuta wastani wa watoto 5.5 kwa kila mwanamke. Kwa kasi hiyo, mimba ya tatu au ya nne huja mama akiwa bado amebeba wa mwisho mgongoni. Kumwambia "panga kwanza" ni kumwambia neno la mjini.

Nyarusange ina kitu ambacho miji mingi haina, nacho ni maharage. Warundi ni miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani, na bakuli la maharage yaliyopikwa ni mojawapo ya vyanzo bora vya foliki katika chakula cha kawaida. Lengalenga na majani mengine ya kijani nayo yamo. Lakini foliki ya chakula hufyonzwa mwilini kwa kiasi pungufu kuliko ile ya kidonge, huharibika kwa moto wa muda mrefu, na sehemu yake huyeyuka katika maji ya kuchemshia, ambayo yakimwagwa inakwenda nayo. Na upo msimu wa maharage kidogo, wakati akiba imekwisha na mapya bado yamo shambani, ambapo sahani inabaki na ugali wa muhogo. Muhogo hujaza tumbo vizuri. Foliki yake ni ndogo. Utafiti uleule wa 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na udumavu haupimwi na kasoro za mrija wa neva, lakini unaeleza sahani za mama zao zilivyo.

Na urwarwa? Pombe huvuruga kugawanyika na kusafiri kwa seli za ubongo katika kipindi chote cha mimba. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Katika kilima ambako kukataa mrija wa pombe ya jirani ni kumkataa jirani mwenyewe, hili ni gumu kuliko vidonge.

Unga unaopita juu ya vichwa

Nchi nyingi zililitatua suala la kalenda kwa kutomsubiri mwanamke apange. Foliki huwekwa kwenye unga, kila mtu akala. Marekani ilifanya hivyo 1998. Afrika Kusini ilianza Oktoba 2003 kwa unga wa ngano na wa mahindi, na kasoro za mrija wa neva zikapungua kwa kama asilimia 30. Katika Jumuiya yetu, Tanzania na Uganda ziliandika kanuni mwaka 2011, Kenya ikafuata 2012, na vipo viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki vya unga, mafuta na sukari vilivyoongezwa virutubisho. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani uliokaa Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziongeze kasi. Kwa karatasi, mambo yamekaa vizuri.

Viwango hivyo viliandikwa vikimfikiria mwenye kiwanda kikubwa. Kiwanda cha Dar es Salaam au Nairobi kinaweza kufunga mashine ya kupimia kirutubisho, na mkaguzi anaweza kukitembelea. Mashine ya kusaga ya kijijini haiwezi. Mama huja na ndoo yake ya mahindi au muhogo mkavu, husagiwa, hulipa, huondoka. Unga wake haujapita popote ambapo serikali yoyote ya Jumuiya ina mkono. Sera ya unga, hata ikitekelezwa kwa asilimia 100, itamkinga zaidi anayenunua pakiti dukani kuliko anayelima.

Kwa hiyo ni chakula gani ambacho kila jiko la Nyarusange hununua na halikitengenezi? Ni chumvi.

Burundi haina bahari. Tangu zamani chumvi imetoka nje, na sehemu yake ilitoka Uvinza, mkoani Kigoma, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000 na wafanyabiashara wa pande zote za Ziwa Tanganyika wakaifuata. Kwenye chumvi, ukanda huu ulishawahi kushinda vita moja ya ubongo. Madini joto yakikosekana kwa mama, tezi ya shingo haitoi homoni ya kutosha, na seli changa za ubongo wa mtoto hazisafiri wala kukomaa inavyotakiwa. Nyanda za juu kama hizi zilikuwa na wagonjwa wengi wa rovu. Chumvi ikawekewa madini joto, kiwango cha Afrika Mashariki kikalitaka hilo kwa lazima, na leo sehemu kubwa ya kaya za Burundi hula chumvi yenye madini hayo bila hata kuyafikiria. Hakuna aliyeambiwa apange.

Swali linaloulizwa sasa na watafiti katika nchi kadhaa ni kama foliki inaweza kupanda lori hilohilo. Majaribio yaliyofanywa vijijini kusini mwa India yameonyesha kwamba chumvi yenye madini joto na foliki kwa pamoja hupandisha kiwango cha foliki katika damu ya wanawake ndani ya miezi michache. Yapo mambo ya kutatua. Foliki ina rangi ya manjano, hivyo chumvi hubadilika rangi kidogo, na mnunuzi aliyezoea nyeupe anaweza kudhani ameuziwa chafu. Kipimo lazima kizingatie kwamba watu wanashauriwa kupunguza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu. Na kiwango cha nchi moja hakitoshi. Burundi ikidai chumvi yenye foliki wakati wazalishaji wa Tanzania na Kenya hawalazimiki kuitengeneza, matokeo ni moja kati ya mawili: uhaba, au magendo ya chumvi ya bei nafuu.

Hapo ndipo Muyinga inapoingia. Katika eneo hilo, lililokuwa mkoa hadi 2025, kuna kituo cha Kobero, mkabala na Kabanga ya Tanzania, mahali ambapo malori mengi yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huingilia Burundi. Ni kituo cha pamoja, gari hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Maofisa wa pale wameshazoea kudai vyeti vya ubora vya bidhaa kwa mujibu wa viwango vya Jumuiya. Kuongeza mstari mmoja kwenye kiwango cha chumvi ni kazi ya kamati ya viwango na Baraza la Mawaziri, si kazi ya maabara, na ningependa kuona ajenda hiyo ikipewa hata nusu ya muda unaotumiwa kujadili magari yaliyotumika.

Kwa walioshachelewa

Watoto waliokwisha kuzaliwa hawawezi kusubiri chumvi. Hospitali ya watoto ya CURE, mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, ilifunguliwa mwaka 2001 na imekuwa kituo kinachojulikana duniani kwa upasuaji wa vichwa vikubwa na mgongo wazi. Daktari Mmarekani Benjamin Warf, aliyefika Uganda mwaka 2000, aliona hatari ya mrija wa kutolea maji ambao huwekwa kichwani maisha yote: ukiziba, mtoto wa kijijini hufa kabla hajafika hospitali. Akaendeleza mbinu ya kutoboa njia ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba na kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji, ili mtoto asihitaji mrija. Utafiti wa watoto 100 uliofanyika hapohapo Mbale na kuchapishwa 2017 haukukuta tofauti ya maana katika ukuaji wa akili kati ya mbinu hizo mbili baada ya mwaka mmoja. Madaktari wa Uganda wameifanya mbinu hiyo kuwa yao na wamewafundisha wengine kutoka nje.

Inafaa ikumbukwe kwamba huko Mbale wengi wa watoto wenye vichwa vikubwa hawakuzaliwa hivyo. Walipata maambukizi makali katika wiki za kwanza za maisha. Mwaka 2020 watafiti waliripoti bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya watoto hao. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mchanga mwenye homa, degedege au anayekataa kunyonya asingoje asubuhi. Kichwa kinachokua haraka kuliko kawaida kionwe na daktari wiki hiyohiyo.

Kutoka Nyarusange hadi Mbale, ramani inaonyesha njia fupi kupitia Rwanda. Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, njia hiyo ilikatika, na anayesafiri kwa barabara alilazimika kuzunguka kupitia Tanzania, kwa Kobero ileile, akiwa na mtoto ambaye shingo yake haiwezi kubeba kichwa.